Sura ya Jamii Katika Picha za Lubumbashi

Katika lugha yetu yako maneno kadhaa ya kutajia kazi ya mchoraji. Picha ni neno la juzi, nalo limeenea kuliko yote. Sanamu ni la zamani zaidi. Leo aghalabu twalitumia kwa umbo la mti au la jiwe, lakini pwani lilitumika pia kwa picha. Taswira ni neno la wasomi. Sura lina maana ya uso wa mtu, na pia namna jambo lilivyo: twasema sura ya mtu, na twasema sura ya mambo. Neno hili la mwisho ndilo nitakalolitumia katika makala haya, kwa kuwa swali ninalokusudia kulijadili limo ndani ya maana zake mbili. Mchoraji anayechora uso wa mtu mmoja twamwelewa, na kazi yake twaweza kuilinganisha na uso ule. Je, mchoraji aweza kuchora sura ya jamii nzima? Na akifanya hivyo, twapimaje kama amesema kweli?

Siku hizi wachoraji wa Afrika wanaochora maisha ya watu kama yalivyo husifiwa kuwa ni mashahidi wa jamii zao. Sifa hiyo hutolewa upesi, wala haipimwi. Watoao sifa hudhani kwamba ukweli wa picha ni kufanana kwake na kile kinachoonwa na macho, na kwamba picha ikifanana, kazi ya mhakiki imekwisha. Mimi nadhani kazi yake ndipo inapoanza. Ili nisiseme hewani, nimechagua mfano ambao sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna haki nao na tuna deni nao: picha za mji wa Lubumbashi, katika Kongo, ambazo zilichorwa na kuelezwa na watu wanaosema Kiswahili.

Mji huo, uliojulikana kwa jina la Elisabethville tangu ulipoanzishwa mwaka wa 1910 hadi mwaka wa 1966, ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikusanya wafanya kazi kutoka pande nyingi, wakiwamo watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda-Urundi, ikawaweka katika makambi yake. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, kisha ya sokoni, kisha ya nyumbani. Watoto waliozaliwa katika makambi hayo hawakukiazima kwa mtu, walizaliwa nacho. Na walipokua wakajenga nyumba zao wenyewe, wengi wao walipenda kutundika ukutani picha zilizochorwa na vijana wa mji, aghalabu juu ya kitambaa cha magunia ya unga, zilizouzwa nyumba kwa nyumba kwa bei ambayo mfanya kazi aliiweza.

Miongoni mwa picha hizo iko moja iliyochorwa mara nyingi, na wachoraji wengi, katika miaka ya 1960 na 1970. Jina lake la Kifaransa ni Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Yaonyesha ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji yapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi. Askari Mwafrika amemwinulia kiboko. Na ofisa wa Kizungu amesimama kando, mara nyingi na kiko mdomoni, akitazama. Wafungwa wengine, wamevaa nguo za mistari, wanafanya kazi. Mara nyingine wanawake wamesimama pembeni, wameleta chakula.

Tukiitazama picha hii kwa kipimo cha kufanana, tutaiona ni dhaifu. Nyuso hazitofautiani sana. Huyu anayepigwa hakuwahi kukaa mbele ya mchoraji, wala mwenye nyumba hawezi kukuambia jina lake. Na ukimwuliza, utakuwa umeuliza swali lisilofaa. Hata hivyo, watu walioishi chini ya kiboko hicho, au waliozaliwa na walioishi chini yake, waliinunua na kuitundika mahali ambapo wageni hukaribishwa. Waliiona ni kweli. Basi ukweli walioukubali haukuwa katika nyuso.

Hapa naomba ruhusa ya kuazima kutoka katika sarufi. Kiswahili chaweza, kwa shina moja la kitenzi, kutaja watu watatu: apigwaye, apigaye na apigishaye. Picha ya Colonie belge yawataja hao hao watatu, na kila mmoja imempa mahali pake: apigwaye yu chini, apigaye yu juu yake, na apigishaye yu kando, mikono yake mitupu. Kitu kinachochorwa ni uhusiano baina yao. Ukibadilisha nyuso zote, picha inabaki ile ile. Ukimwondoa yule mwenye kiko, huna tena picha ya koloni. Una picha ya watu wawili wanaogombana. Mchoraji aliyeelewa hivyo ameelewa jambo ambalo wengi walioandika vitabu juu ya ukoloni hawakulieleza kwa uwazi huo: kwamba mkono ulioshika kiboko haukuwa mkono wa mwenye amri. Naye mnunuzi ameelewa, kwani askari yule aliyeinua kiboko aweza kuwa mjomba wake.

Hii ndiyo maana ya kwanza ninayoitoa kwa maneno sura ya jamii. Sura ya mtu hutambulika kwa uso. Sura ya jamii hutambulika kwa nafasi: nani amesimama, nani amelala, nani anatazama, nani yu pembeni na chakula. Picha yaweza kukosea nyuso zote ikawa sahihi, na yaweza kupatia nyuso zote ikawa ya uongo.

Yatupasa sasa kuuliza kwa nini picha ya mateso ya zamani itundikwe sebuleni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikusanya picha hizi pamoja na Ilona Szombati-Fabian, nao waliwauliza watu swali hilo. Neno walilolisikia ni ukumbusho. Kwa mwanafunzi wa lugha neno hili halikosi faida. Kutokana na kumbuka twapata kumbukumbu, nalo ni jambo liliomo ndani ya mtu. Kutokana na kumbusha twapata ukumbusho, na hapa tumo tena katika kauli ya kutendesha: yuko akumbushaye na yuko akumbushwaye. Picha iliyo ukumbusho haikai ukutani kwa ajili ya kuhifadhi jambo tu. Humtenda mtazamaji. Humwanzishia mgeni mazungumzo, na mazungumzo hayo hayaishii katika zamani. Tukumbuke kwamba picha nyingi za namna hii zilinunuliwa katika siku za Mobutu, chama kilipokuwa kimoja, na maneno ya mtu yaliweza kumponza. Bendera ya Ubelgiji ilikwisha kushushwa, lakini nafasi tatu zilizomo katika picha hazikushushwa pamoja nayo. Mtu aliyekaa chini ya picha ile aliweza kujiuliza ni nani sasa asimamaye pale penye kiko, wala hapana aliyeweza kumshtaki kwa kutazama ukuta wake mwenyewe.

Mchoraji aliyeifikisha kazi hii mbali kuliko wengine ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka wa 1947. Alikutana na Fabian mwaka wa 1973, na kati ya mwaka huo na 1974 akachora mfululizo wa picha zaidi ya mia, zilizoeleza historia ya nchi yake tangu zama za wahenga. Alijiita mwanahistoria. Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake zimehifadhiwa Ulaya, na mwaka wa 1996 Fabian alizitolea kitabu pamoja na maelezo ambayo mchoraji aliyatoa kwa mdomo, picha moja baada ya nyingine.

Tshibumba hakuridhika na watu wasio na majina. Aliwataja, akaandika tarehe. Alichora mgomo wa wafanya kazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambao ulikomeshwa kwa askari kuwapiga watu risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Alichora kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao akaweka misalaba mitatu, na damu iliyomwagika chini akaifanya iandike neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Katika picha hizi uhalisi wa macho umepita mipaka yake. Mwaka wa 1941 mchoraji alikuwa hajazaliwa. Misalaba mitatu haikusimama Katanga, wala damu haiandiki.

Wako watakaosema kwamba kwa sababu hiyo kazi ya Tshibumba si ya uhalisi, na isihesabiwe kuwa ushahidi. Wako wengine watakaosema kwamba kila alichokichora ni kweli, maadamu ni kweli ya watu wake. Sikubaliani na hao wala hawa. Wa kwanza wanasahau kwamba imani ya watu juu ya kifo cha kiongozi wao nayo ni sehemu ya sura yao, na anayetaka kujua jamii ilivyomwona Lumumba hatapata hati iliyo wazi kuliko misalaba ile. Wa pili wanamwondolea mchoraji heshima aliyoidai mwenyewe. Mtu ajiitaye mwanahistoria ameomba kuulizwa: hili umeliona, au umelisikia, au ndivyo unavyolifahamu?

Na hapa tunafika kwenye udhaifu halisi wa picha, ambao sijaona kwamba wahakiki wameupa uzito wake. Lugha ina njia za kuonyesha daraja za uhakika. Msemaji wa Kiswahili ana ati, ana huenda, ana yasemekana, ana nasikia. Brashi haina eti. Risasi ya mwaka wa 1941, ambayo Tshibumba aliisikia kwa waliomtangulia, na barabara ya mji wake, ambayo aliipita kila siku, zimechorwa kwa rangi zile zile na kwa mstari mzito ule ule. Picha husema yote kwa kauli ya yakini. Kwa hiyo atakayeitazama peke yake hawezi kujua ni wapi mchoraji anashuhudia, ni wapi anapokea, na ni wapi anahukumu. Lakini Tshibumba hakuziacha picha zake peke yake. Alikaa akazieleza. Katika maelezo hayo ndimo zilimo daraja zile ambazo rangi haikuweza kuzibeba. Hayo si nyongeza ya kazi, bali ni nusu yake.

Nusu hiyo imesemwa kwa Kiswahili, na jambo hili latuhusu sisi. Tazama mgawanyo wa lugha ulivyo katika picha hizi. Maandishi yaliyomo ndani ya picha, yaani majina, tarehe na vibao, kwa kawaida ni ya Kifaransa, lugha ya ofisi na ya shule. Maelezo ni ya Kiswahili, lugha ya nyumba. Kifaransa kimeandikwa, Kiswahili kimesemwa. Mtazamaji wa Ulaya asomapo ile nusu iliyoandikwa hudhani amesoma yote. Kitabu cha mwaka wa 1996 kilitoa maelezo kwa Kiingereza. Maneno yenyewe ya Kiswahili yalitolewa mbali baadaye, na ni wachache miongoni mwetu walioyafungua.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa ng'ambo nikitafuta shahada ya uzamivu, nilipewa kurasa chache za maelezo hayo nizisome mbele ya wenzangu. Kwa kudhani kwamba ninawasaidia, nilizinyoosha kwanza ziwe Kiswahili sanifu. Pale palipoandikwa muntu nikaweka mtu. Bantu nikawafanya watu. Njo nikaifanya ndiyo. Bankambo nikawafanya mababu. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Ndugu, umefagia nyumba hata ukawafagia na wenyewe." Nilicheka, lakini usiku ule nilirudi kwenye kurasa zangu nikaona alivyosema kweli. Bankambo ni wazee waliotangulia, wake kwa waume. Mababu zangu walikuwa wanaume watupu. Na njo ile, ambayo mimi niliiona ni ndiyo iliyopinda, ilikuwa ikifanya kazi yake yenyewe, ya kuweka mkazo pale ambapo mchoraji alitaka mkazo: huyu njo aliyefanya, hapa njo palipotokea. Nilikuwa nimeondoa kidole alichokuwa akielekezea.

Nalisimulia jambo hili kwa sababu kosa langu halikuwa langu peke yangu. Kwa muda mrefu sisi tuliolelewa katika Kiswahili sanifu tumezitazama lahaja za Kongo kama lugha iliyoharibika, inayongoja kutengenezwa. Hata maandishi yake hatukuyatunza. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka wa 1965, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili chao, ilingoja hadi mwaka wa 1990 kupigwa chapa pamoja na maelezo ya kitaalamu, na aliyeifanya kazi hiyo ni Fabian huyo huyo. Namshukuru, lakini shukrani hizo zinatuaibisha kidogo.

Ili nisidhaniwe kwamba nayasifu yote ya Lubumbashi, nitazitazama kwa ufupi kazi mbili za Afrika Mashariki. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell na kisha Slade, London, alichora mwaka wa 1956 picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Nayo haina nyuso za kukumbukwa. Uhusiano inaouonyesha ni wa kwenda pamoja. Hamna apigwaye wala apigishaye. Ni picha nzuri, na naiamini kama sura ya jamii jinsi ilivyopenda kujiona siku ya arusi. Ningeitilia shaka kama mtu angenionyesha kuwa ndiyo sura ya Uchaga wa mwaka ule mzima. Hapo twaona kwamba nafasi nazo zaweza kuchaguliwa ili kuficha, kama nyuso.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Uganda. Mwaka wa 2015 alichora picha iliyotokana na visa vya wanawake kuvuliwa nguo hadharani Nairobi. Mwanamke amelala uchi. Juu yake imejipanga miguu ya wanaume, na nyuso zao hazimo. Msomaji ataona upesi kwamba tumerudi katika ua wa Colonie belge: mmoja chini, wengine wamesimama. Lakini hapana bendera, wala hapana mwenye kiko. Apigishaye hayumo ndani ya picha. Nafasi yake imeachwa wazi mbele ya picha, pale anapokaa mtazamaji, naye hana pa kukimbilia. Kwa maoni yangu hilo ni jambo ambalo Colonie belge haikuwahi kulidai kwa mnunuzi wake, kwani ile ilimpa nafasi ya kuwa upande wa aliyelala.

Iko tofauti nyingine, nayo haihusu ufundi. Picha ya Lubumbashi ilitundikwa mbele ya wale wale iliowachora, nao waliweza kuikubali au kuikataa. Mchoraji aliyekosea nafasi za watu hakuuza. Picha za Armitage zimeonekana zaidi Ulaya na Marekani kuliko Nairobi, ingawa yeye mwenyewe aliona upungufu huo, akaanzisha mjini Nairobi mwaka wa 2020 taasisi ya sanaa ya kisasa. Sura ya jamii isiyopita mbele ya jamii yenyewe yaweza kuwa kweli, lakini haijathibitishwa na wanaojua.

Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, tuache kupima picha za jamii kwa kufanana kwake na macho. Tuulize nafasi zilizomo, na nani aliyeachwa nje. Katika Colonie belge, mathalan, wanawake wako pembeni karibu sikuzote, na sioni kwamba hiyo ndiyo nafasi waliyokuwa nayo katika mji ule, ambako sokoni na nyumbani kazi yao ilikuwa nguzo. Hilo ni kosa la mchoraji, wala lisisamehewe kwa sababu picha ni ya watu wa kawaida. Pili, maelezo ya mchoraji yahifadhiwe pamoja na picha, katika lugha aliyoisema, bila kunyooshwa. Tatu, kazi hiyo ifanywe na vyuo vyetu vya Kiswahili, visingoje wageni. Tunayo kanda, tunao wanafunzi, na wako wachoraji walio hai, katika Lubumbashi na Dar es Salaam na Nairobi, ambao hakuna aliyewahi kuketi nao akawaambia: Tafadhali mzee, nielezee hii.

Kurasa zangu zile za zamani bado ninazo. Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuyarudisha maneno niliyoyaondoa, kwa kuzilinganisha na maandishi ya asili, na mwishoni mwa kila ukurasa waandike ni nini kilichokuwa kimepotea. Mpaka sasa wamemaliza ukurasa mmoja na nusu.